Uzi Mweusi Kwenye Mkanda

9 Februari

Mjomba wangu,

Shikamoo. Nyingine mfikishie mkaza mjomba, na umwambie lile blanketi alilonilazimisha kulibeba ndilo linaloniokoa, maana huku asubuhi kuna baridi ya kung'ata masikio. Mimi mzima. Nyinyi je? Masikio yako yamepata nafuu? Najua simu huisikii, ndiyo maana nimekaa hapa na kalamu, mtu niliyeachana na kalamu tangu shule.

Chumba nimepata, kidogo lakini kina dirisha. Ninakaa na binti mpaka rangi mwenzangu ambaye kazini wanamwita Kasuku, kwa sababu mdomo wake hauna likizo. Siku ya kwanza alinisimulia maisha yake yote kabla sijashusha begi. Ni mtu mzuri, mjomba. Ungempenda, ingawa kwa masikio yako ungemkosa nusu.

Kazi tunafanya kwenye jengo la ghorofa nane, tunapaka nje. Tunashushwa kwa ile mbao ya kuning'inia, sisi tunaiita bembea, mmoja huku, mmoja kule, ndoo katikati. Kabla hujapanda, mkanda wako lazima ukaguliwe. Mzima unabandikwa kibandiko cha kijani, mbovu unakatwa kwa kisu palepale mbele yako. Mkaguzi ni mzee mkimya. Alipoushika huu mkanda wako ulionipa akaugeuza mara mbili, akauliza kile kipande cha ngozi pale kwenye pete ya mgongoni ya kuunganishia kamba ni cha nini. Nikasema ni pambo la mjomba wangu. Kisha akaniuliza, "Huu umewahi kumdaka mtu?" Anasema mkanda ukishamdaka mtu mara moja umemaliza kazi yake, hata ukionekana mzima.

Mjomba, nilikitazama kile kisu. Nikakuona wewe siku ya kuniaga, ulivyoutoa kwenye msumari mbele ya watu wote ukanivisha. Nikamwambia haujawahi. Akabandika kijani. Usinicheke, lakini nilitoka pale natembea kama niliyefaulu mtihani.

Wako,
Mpwa wako

26 Februari

Mpwa wangu, mama yangu,

Marahaba. Ninakuita mama kwa sababu una jina la mama yangu, siyo kwa sababu una adabu. Mtu mwenye adabu angeandika mwezi uliopita. Sisi wazima. Mkaza mjomba wako goti linamsumbua, lakini ulimi haujambo. Kuku wawili wameibiwa na paka wa jirani, na jirani anasema paka wake hali kuku. Labda anawafuga.

Huyo mkaguzi wako ni mtu wa makaratasi. Mkanda ambao haujawahi kumdaka mtu, unaujuaje? Wangu ulinidaka ghorofa ya sita. Unaijua hadithi, lakini msimulie huyo Kasuku: mbao ilichomoka, mimi nikabaki hewani kama kanzu kwenye kamba ya kuanikia, na kiatu changu cha kushoto kikaenda kutumbukia kwenye beseni la vyombo la mama muuza chai. Yule mama hakuangalia juu. Alikitoa, akakiweka pembeni, akaendelea kuosha vikombe. Mpaka leo watu wakikaa hapa barazani lazima nisimulie.

Umejibu vizuri. Angeukata, ningekuja huko na magongo yangu. Utunze.

Mjomba wako

14 Aprili

Mpwa wangu,

Sijapata jibu. Wiki saba sasa. Mkaza mjomba wako anasema mvua zimeharibu barabara, posta imekwama. Mimi nasema umenenepa umesahau watu. Sisi hatujambo, goti lake limepungua uvimbe.

Niandikie hata mistari mitatu. Kazi inakwendaje? Na mkanda wangu unaendeleaje? Usiuache juani, na usiuweke karibu na mafuta ya kusafishia brashi.

Mjomba wako

5 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Nisamehe kwa ukimya. Barua zako zote mbili nimezipata. Nafurahi goti la mkaza mjomba limepata nafuu. Mimi mwili mzima.

Kasuku amefariki. Ilikuwa tarehe kumi na tisa mwezi wa tatu, saa nne asubuhi. Upande mmoja wa bembea uliteremka ghafla, akaanguka kutoka ghorofa ya tano. Mwenzake wa upande wa pili alibaki ananing'inia, wakamvuta. Mimi sikuwa kazini, nilikwenda kung'olewa jino. Niliporudi mchana na pamba mdomoni nilikuta watu wamesimama tu, na mashine ya kuchanganya rangi inazunguka bila mtu.

Msimamizi ameandika kwamba kamba ya usalama ya Kasuku ilikuwa imefungwa juu vizuri, ila yeye hakuiunganisha na mkanda wake. Wamebandika karatasi ukutani, tunapita nayo kila asubuhi: marehemu alizembea. Mama yake alikuja kuchukua vitu. Aliniuliza kama mwanawe alikuwa mzembe hata nyumbani. Nilimkunjia nguo zake tu.

Chumba kimekuwa kimya mno. Sina zaidi.

Mpwa wako

23 Mei

Mpwa wangu, mama yangu,

Pole. Pole sana. Tumeisoma barua yako mara mbili, mara ya pili mkaza mjomba wako akanyanyuka akaenda kukaa jikoni. Amemwombea huyo binti na mama yake. Mungu amlaze mahali pema.

Lakini acha niseme kama mtu aliyekaa hewani miaka ishirini na tisa. Hawa vijana wa siku hizi wana haraka. Kuunganisha kamba kunachukua muda gani? Pumzi mbili. Huyo mama yake namwonea uchungu, ila ukweli ni kwamba mtu akidharau kamba hata awe mzuri vipi, chini hapamjui. Angekuwa na mkanda kama wetu, na mtu wa kumfundisha kama wewe ulivyofundishwa, leo angekuwa anapiga domo.

Hukuniambia mkanda wangu unaendeleaje. Huu ndio wakati wa kuukagua vizuri, kila mshono.

Mjomba wako

8 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Wasalimie wote.

Alikuwa na mkanda wetu.

Nilitaka nisikuandikie hili kamwe. Lakini umemwita mzembe, na barua hiyo nimeisomea kwenye kitanda chake. Asubuhi ile Kasuku aliutazama mkanda wake mwenyewe, akaona ndoano haifungi mpaka mwisho. Wengine wangepanda hivyohivyo. Yeye alikataa. Akaupeleka stoo, akasema hapandi na ndoano mbovu. Mtunza stoo akaangalia kwenye misumari, akaona wangu umetundikwa, una kibandiko cha kijani, na mwenyewe yuko kwa daktari wa meno. Akampa. Alifanya kila kitu sawa, mjomba. Aliangalia kibandiko, na kibandiko kilipatikana kwa mdomo wangu.

Wiki iliyopita nilipata nguvu ya kuingia stoo. Mkanda ulikuwa kwenye gunia nyuma ya madebe. Hospitali waliukata kwa mkasi ili wamvue, kwa hiyo kila aliyeuona alidhani umechanika kwa mkasi. Kifungo cha kiunoni kimefungwa mpaka tundu la mwisho. Pale mgongoni pete haipo, na ile ngozi imebaki inaning'inia upande mmoja. Nikaenda zilipotundikwa kamba, nikazishika moja moja. Kwenye ndoano ya kamba ya saba niliikuta pete yenye ule mkwaruzo wa msalaba uliouweka kama alama yako. Hakuna aliyekuwa ameitazama.

Alikuwa ameunganisha. Pete ndiyo iliyong'oka.

Bado sijamwambia mtu. Nikisema pete iling'oka, wataniuliza ilikuwaje ikapita ukaguzi, na jibu la hilo ninalo. Lakini kuna jingine ambalo sina. Chini ya ngozi nimekuta uzi mweusi. Mkanda wote umeshonwa kwa uzi mweupe. Mjomba, kulikuwa na nini pale?

Mpwa wako

2 Julai

Mpwa wangu,

Marahaba. Huku hatujambo. Paa linavuja upande wa jikoni, nimemwita fundi, amepanda akashuka akasema bati ni zima, basi maji nadhani yanatoka mbinguni moja kwa moja. Yule paka amezaa. Mkaza mjomba wako anakusalimu, anauliza kama unakula.

Hayo uliyoandika yamenisikitisha. Ila usijitwike mzigo. Ajali ni ajali. Mkanda ule nilikupa ukiwa mzima, wewe mwenyewe uliuona. Huenda mkasi wa hospitali ulipita hapo kwenye pete. Kwenye stoo mikanda inachanganywa, pete zinafanana.

Mvua zikiisha nitajenga upya banda la kuku.

Mjomba wako

15 Julai

Mjomba,

Shikamoo.

Mkasi haushoni. Ile karatasi bado iko ukutani, imepigwa na jua imeanza kuwa ya njano, na wageni wanaokuja kazini wanasomeshwa hiyo kwanza. Mama yake Kasuku anajua alimzaa mzembe.

Mimi nitasema, ujibu usijibu. Nitasema nilidanganya. Lakini nikisema habari ya uzi bila wewe nitakuwa nimekusingizia, na nikiuficha nitakuwa nimedanganya mara ya pili. Wewe ndiye uliyenilea mama alipofariki, wewe ndiye uliyenifundisha kushika brashi. Sijawahi kukuomba kitu kigumu. Nakuomba hiki kimoja.

Uzi mweusi ni wa nani?

Mpwa wako

19 Agosti

Mama yangu,

Nimechelewa kwa sababu nimeandika barua nne nikazichana. Hii ya tano nimempa mkaza mjomba wako aisome kabla sijaifunga, kwa hiyo hata nikitaka siwezi kuichana. Yeye pia alikuwa hajui. Tangu juzi ananiwekea chakula mezani na kuondoka.

Uzi ni wangu. Siku ile ya ghorofa ya sita waliponivuta, watu walikuwa wanacheka habari ya kiatu, na mimi nikacheka nao. Nilipovua mkanda nikaona kwenye pete mshono umefumuka nusu. Nusu, mama. Ningekaa hewani dakika chache zaidi pengine hadithi isingekuwepo. Nilikwenda kwa fundi viatu rafiki yangu, akashona kwa uzi wake wa soli, mara mbili. Nikamwambia aweke na ngozi juu. Ngozi haikuwa pambo. Niliiweka ili mkaza mjomba wako asione, maana angeona angenikataza kupanda, na mimi nilikuwa sijui kufanya kazi nyingine.

Hilo siyo baya pekee. Baada ya hapo nilipanda miaka kumi na mmoja nikiwa nimeuvaa, na kila siku mkono wangu mmoja ulikuwa umeshika kamba ya bembea. Nilipaka kwa mkono mmoja miaka kumi na mmoja. Watu walidhani ni maringo ya ufundi. Sikuuamini ule mkanda hata siku moja.

Halafu nikakupa wewe. Nimejiuliza mwezi mzima kwa nini, na jibu linanitia aibu. Siku ya kukuaga watu walikuwa wengi, wakasema simulia ya kiatu, nikasimulia. Walicheka sana siku ile, unakumbuka? Nikajisikia vizuri, nikanyoosha mkono kwenye msumari. Nilipokuwa nakufunga kifungo nilikumbuka uzi. Nilikumbuka, mama. Nikaona watu wananiangalia, nikaona nitawaharibia watu furaha. Nikasema moyoni nitakwambia asubuhi, na asubuhi ulikuwa umeshaondoka.

Huyo binti nilimwita mzembe. Alikuwa mwangalifu kuliko mimi.

Sema yote. Taja kwamba ni mimi. Nimeandika karatasi ya pili humu ndani, nimetia sahihi, fundi viatu naye ametia dole gumba. Mpe mkaguzi.

Mjomba wako

10 Septemba

Mjomba wangu,

Shikamoo. Barua yako ilifika, na ile karatasi. Mwambie mkaza mjomba ninakula.

Nilikusanya pete, mkanda na karatasi yako nikaviweka mezani kwa mkaguzi. Alisoma polepole. Kisha akaniuliza tena lile swali lake, kwa maneno yaleyale, "Huu umewahi kumdaka mtu?" Nikasema ndiyo, kabla yangu. Hakunifokea. Afadhali angenifokea. Alisema na yeye aliiona ngozi na hakuifunua, akaandika hilo pia kwenye ripoti. Nimezuiwa kupanda mpaka mwaka uishe. Ninachanganya rangi chini. Ile karatasi ya ukutani wameitoa. Nyingine imebandikwa, na inasema marehemu alikuwa amefunga mkanda na ameunganisha kamba. Nimeisoma kila siku, wiki nzima sasa.

Nilikwenda kwa mama yake Kasuku. Ni safari ya siku mbili. Alikuwa anapepeta mchele, akanipa kigoda. Nilimweleza yote, ya kwangu kwanza, kisha ya kwako. Nilitaka kulia nikaona sina haki hiyo mbele yake. Aliendelea kupepeta mpaka nilipomaliza.

Akaniuliza, "Kwa hiyo alijifunga?"

Nikamwambia, "Alijifunga, mama. Mpaka tundu la mwisho."

"Na ule wake mbovu aliukataa?"

"Aliukataa."

Aliweka ungo chini. Akasema, "Asante kwa kuniletea mwanangu." Akanisindikiza mpaka barabarani, akaniambia nisirudi tena.

Mpwa wako

1 Oktoba

Mama yangu,

Marahaba. Mkaza mjomba wako ameanza kuniongelesha, tulianza na habari ya chumvi. Goti lake limetulia. Paa bado linavuja.

Nilitaka kwenda kwa yule mama. Nilikuwa nimeshakunja shati. Kisha nikaona, kama wewe uliyekwenda na miguu yako amekwambia usirudi, mimi nikienda ningekuwa natafuta kupumzika moyo wangu tu. Shati nimelirudisha kabatini.

Jumapili walikuja wageni, wakwe wa jirani. Chai ikamiminwa, jirani akasema, mzee, simulia ya kiatu. Nikakataa. Wakashikilia. Basi nikasimulia. Walicheka palepale wanapocheka siku zote, kiatu kilipoingia kwenye beseni. Walidhani imeisha, mmoja akanyoosha mkono kuchukua kikombe. Mimi nikaendelea. Nikawaambia habari ya mshono, ya fundi viatu, ya ngozi, ya kukuaga. Nikawaambia kuhusu binti aliyeitwa Kasuku, aliyekataa ndoano mbovu akapewa mkanda wangu. Kabla sijafika kwenye pete, mkaza mjomba wako akaipokea, akaimalizia. Aliimalizia vizuri, hakuacha kitu. Wageni waliondoka mapema, na jirani tangu siku ile ananisalimia kwa chini chini.

Jana fundi wa antena akaja. Ana paa refu la kupanda, alisikia nina kamba yangu ya zamani, ile niliyokuwa naitumia pamoja na mkanda. Akasema, "Niazime mzee, si bado nzima?" Ilikuwa imetundikwa kwenye msumari uleule. Ukiitazama, nzima kabisa. Nikamwambia, hii kamba imeshamdaka mtu. Akacheka, akasema basi ina bahati. Nikachukua panga. Mkaza mjomba wako akaja akashika ncha moja ili isiteleze, nami nikaikata juu ya gogo, vipande vifupi vifupi, mpaka hakuna kipande kinachotosha kufungia hata mlango wa banda la kuku. Fundi alisimama anatuangalia akadhani tumechanganyikiwa. Nikamwambia akanunue mpya, na akishaipata aje nimwonyeshe pa kuifungia.

Msumari nimeung'oa. Tundu lipo, nitaliziba mvua zikikatika.

Mwaka ukiisha utarudi juu, nakujua. Sikukatazi. Vaa wa kwako mwenyewe, mpya, usio na hadithi yoyote. Na siku ukishuka, kila siku ukishuka, niandikie mstari mmoja tu kwamba umeshuka. Hata zikifika kumi pamoja nitazisoma moja moja.

Mjomba wako